Kiingereza cha Kazi: Kutoka Kabianga hadi Mnada wa Mombasa

Mkulima wa Roret, huko Kericho, anapofikisha majani yake ya chai kwenye kituo cha kukusanyia, lugha tatu huhusika kabla mzigo haujapanda lori. Karani humsalimu kwa Kikipsigis, humtajia kilo kwa Kiswahili, kisha humpa karatasi iliyochapwa kwa Kiingereza. Mkulima huikunja na kuitia mfukoni. Ili kujua Kiingereza kilifikaje kwenye karatasi ile, yatubidi turudi nyuma miaka 100.

Mwaka 1924 Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na katika ripoti yake ikapendekeza kwamba mtoto wa Kiafrika aanze masomo kwa lugha yake, Kiingereza kimfikie baadaye. Mwaka 1925 serikali ilianzisha shule Kabianga, na katika miaka hiyohiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikifyeka vilima vya Kericho wapande chai. Mashamba yalitaka vibarua wengi na makarani wachache. Kibarua alitosheka na Kiswahili cha kupokea amri. Karani ilimpasa kujua Kiingereza cha kujaza daftari. Tofauti ya lugha ikawa tofauti ya mshahara.

Wapo wanaoeleza kwamba wakoloni walimlazimisha Mwafrika kujifunza Kiingereza. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu walowezi wengi waliogopa kuwa Mwafrika akikijua angedai kazi zao na haki zake, na shule za kujitegemea za Wakikuyu ndizo zilizokipigania. Wengine husema basi Waafrika walijitakia wenyewe. Hilo nalo ni nusu ya ukweli: nyumba ikiwa na mlango mmoja, anayepita hapo hatuwezi kusema ameuchagua.

Taaitta Toweett, aliyezaliwa katika nchi ya Wakipsigis mwaka 1925, aliupita mlango huo hadi akawa Waziri wa Elimu. Mwaka 1977 alipata shahada ya uzamivu katika isimu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu kuhusu isimu ya Kikalenjin. Alikiandika kwa Kiingereza. Lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama ilibidi aieleze kwa lugha ya ugenini ndipo wasomi wamsikilize.

Wakati huo sera ya lugha ilikuwa imekwisha kubadilika. Mwaka 1957 Kituo Maalumu cha Nairobi kilianza kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, na mtindo huo ukaenea upesi. Tume ya elimu ya Ominde iliuunga mkono mwaka 1964. Uchunguzi wa Hutasoit na Prator juu ya mtindo wenyewe ulikuja mwaka 1965: mgonjwa alipewa dawa leo, akapimwa kesho. Desturi hiyo, kwa maoni yangu, haijatuacha.

Utafiti wa Kiingereza cha taaluma na kazi ulipata nguvu pale vyuo vikuu vilipoanza kuelemewa na wanafunzi wasiokimudu. Sudan ilifanya Kiarabu kuwa lugha ya shule za sekondari mwaka 1965, lakini Chuo Kikuu cha Khartoum kikaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Wanafunzi wakafika mlangoni bila ufunguo. John Swales, Mwingereza aliyefanya kazi chuoni hapo katika miaka ya 1970, aliacha kuuliza ni kanuni gani za sarufi wasizozijua. Aliuliza mwanasayansi huifanyia lugha kazi gani. Alipozipanga aya za kwanza za makala za kisayansi akaona mwendo wake: mwandishi huonyesha kwamba uwanja wake ni muhimu, huonyesha pengo lililobaki, kisha hudai kuliziba. Kitabu chake cha mwaka 1990 kilieneza mbinu hiyo duniani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianzisha Kitengo cha Stadi za Mawasiliano mwaka 1978. Mwaka 1984 wachunguzi Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa Tanzania hakikutosha kusomea, lakini wakashauri kibaki lugha ya kufundishia. Hapo wataalamu wakagawanyika. Baadhi walilaumu msingi mbovu wa shule za awali. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell, katika kitabu chao cha mwaka 1997, waliilaumu lugha ya kufundishia yenyewe. Wengine husema Kiingereza cha taaluma si lugha ya nyumbani ya mtu yeyote, hata mzaliwa wa London hujifunza upya namna ya kuandika tasnifu. Kwa Tanzania naona hoja ya Qorro na mwenzake ndiyo nzito. Kwa Kenya, ambako Kiingereza huanza mapema zaidi, hoja hii ya mwisho inaeleza mengi, ingawa mwalimu wa Roret atakwambia kwamba ile ya kwanza nayo haijafa.

Chai yenyewe ina Kiingereza chake. Taasisi ya utafiti wa chai iliwekwa Kericho mwaka 1951, na matokeo yake yamekuwa yakiandikwa kwa Kiingereza, kisha afisa wa kilimo huyafasiri shambani kwa mdomo. Waonjaji nao wana msamiati ambao hata Mwingereza wa kawaida haujui. Neno “pekoe” katika majina ya madaraja ya chai lilitoka kwa Wachina. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na bei hutajwa kwa dola.

Kabianga sasa kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013. Katika vyuo vyetu vya umma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa stadi za mawasiliano: kuandika muhtasari, kunukuu, kupanga ripoti. Wewe uliyesoma hayo na una mzazi mwenye chai, ukirudi likizo chukua karatasi yake ya malipo ya mwezi, keti naye, na umsomee kila mstari, makato ya mbolea yakiwemo.