Siri ya Mgonjwa ni Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu Waislamu, mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Maradhi hayo yalisafiri pamoja na biashara, nasi wa Kasumulu, mahali magari ya mizigo yangojapo kuvuka Mto Songwe kuingia Malawi, hatukusalimika. Aliyekonda alinyoshewa kidole, na wengi wakajificha hadi mauti yalipowafikia.

Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitangaza hadharani kuwa anao ugonjwa huo. Wako waliomwita mwongo. Naye alizidi kuwaonya vijana mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipimwa mbele ya watu jijini Dar es Salaam. Hao walijitokeza kwa hiari yao. Lakini amtangazaye mwenziwe amemdhulumu, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni amana.

Sheria ya mwaka 2008 ilifuata njia hiyo ya haki: iliamuru matokeo ya kipimo yawe siri, na papo hapo ikamtaka mwenye virusi amjulishe mwenzi wake. Basi sitara ina mpaka wake, nao ni pale kunyamaza kunapomdhuru mwingine.

Tena kunyamaza humdhuru mgonjwa mwenyewe. Tuchukue mfano wa mtu mwenye virusi na kisukari, kisha akapatwa na kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za virusi na za kisukari. Akimficha tabibu ugonjwa mmoja kwa kuona haya, huenda tiba ya huu ikaharibu tiba ya ule.

Kwa hiyo, ewe mgonjwa, mweleze tabibu yote, mwambie mwenzi wako apaswayo kuyajua, na waliobaki uwachague mwenyewe. Nawe jirani, umwonapo mtu kliniki, mjulie hali na uuzuie ulimi wako. Nabii Ayubu aliteseka mwilini, wala heshima yake haikupungua mbele ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atusitiri sote. Amin.