Mizani ya Mbio: Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang

Kulinganisha mbio fupi na mbio ndefu ni kama kulinganisha pishi ya mtama na mkono wa nguo. Kila kimoja kina kipimo chake. Hata hivyo mizani moja imetafutwa kwa miaka mingi. Mashindano ya michezo kumi yalipoingizwa katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ilibidi kukimbia, kuruka na kutupa vigeuzwe alama ili vijumlishwe. Katika miaka ya 1980 Bojidar Spiriev na wenziwe wa Hungaria walieneza majedwali ya mashindano mengi zaidi, marathoni ikiwamo. Kanuni yao ni hii: tendo linalofikiwa na wachache hupata alama nyingi, na matendo mawili yaliyo adimu sawasawa hupata alama sawasawa.

Nchi ya Mbulu na Hanang, katika nyanda za juu za Tanzania, yafaa sana kuijaribia mizani hiyo. Mbulu ilimzaa John Stephen Akhwari mwaka 1938. Gidamis Shahanga alitoka Katesh, chini ya mlima Hanang. Naye Filbert Bayi alizaliwa Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, mwaka 1970, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Akawa wa tano, asipate nishani. Mwaka 1978, huko Edmonton, Shahanga alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 39, akatwaa dhahabu. Jedwali lingemweka Akhwari juu ya Shahanga. Lakini jedwali halijui vilima wala upepo wa njia, na Edmonton hapakuwa na mtu aliyempita Shahanga.

Pengine jedwali hutenda haki kuliko nishani. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliishinda rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya mwaka 1967. Nishani yamwita Walker mshindwa. Alama zamweka juu ya washindi wengi wa mashindano mengine.

Basi yatazamwe ya Mexico, mwaka 1968. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia, naye akaendelea. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika. Kwa jedwali, hizo ni alama chache. Kwa kumbukumbu za watu, ni mbio mashuhuri kuliko zile za Edinburgh.

Kosa si la jedwali. Lenyewe hujibu swali moja tu: wangapi huweza kufikia muda huu? Nishani hujibu nani alitangulia siku ile. Sifa hujibu mtu alivumilia nini. Wateuzi wa timu na waandishi wa historia wakiyachanganya maswali hayo matatu, watamnyima mmoja haki yake wakidhani wamepima.