Mkaguzi na Daftari Lisilo Lake

Mtu atokaye Kikuyu akielekea Tambukareli, katika jiji la Dodoma, atafika Barabara ya Ukaguzi, yaliko makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Na historia ya kazi ifanywayo hapo yawafaa mno vijana wetu watungao programu za kompyuta, kwani swali linalowashughulisha leo, la kumruhusu wakala wa akili mnemba asome msimbo na kuukagua pasipo kuugusa, wakaguzi wa hesabu walikwisha kulikabili zamani.

Katika zama za Waingereza, wakaguzi wa Tanganyika walikuwa watu wa idara iliyoongozwa kutoka London, ili Gavana, ambaye hesabu za serikali yake ndizo zilizokaguliwa, asiwe bwana wao. Mkaguzi alipofunguliwa daftari alilipitia mstari kwa mstari, akilinganisha kila malipo na hati yake, na alama aliyoitia kando ya tarakimu aliitia kwa wino wa rangi ya peke yake, aghalabu kijani, ili hata baada ya miaka mingi ijulikane kuwa ni alama ya msomaji wala si ya mwenye daftari. Kosa aliloliona hakulifuta, bali alilitolea hoja, na mwenye hesabu ndiye aliyelazimika kuijibu.

Desturi hiyo ilipata nguvu ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 143 yampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu haki ya kuchunguza vitabu na hati zote zihusuzo hesabu za umma, yamwepusha na kulazimika kufuata amri ya mtu au idara yoyote katika wajibu wake, na yamtaka taarifa yake aiwasilishe kwa Rais, ambaye huagiza ifikishwe Bungeni.

Wanazuoni wa kompyuta nao walipita njia iyo hiyo: mfumo wa Unix, uliozaliwa Marekani, ulitenga ruhusa ya kusoma na ile ya kuandika, na mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wakaandika kwamba kila programu ipewe madaraka yale tu ambayo kazi yake haiwezi kufanyika bila hayo.

Wengi hudhani kuwa wakala akishanyimwa kalamu, amani imepatikana. La hasha! Ndani ya msimbo anaousoma, katika maelezo yaliyoandikwa kandokando ya amri za kompyuta, mwenye hila aweza kuficha maneno ya kumwagiza aache kazi aliyotumwa, azichukue nywila alizoziona na kuzipeleka nje. Naye, kwa kuwa hapambanui barabara baina ya habari na amri, huenda akatii. Basi afunguliwe sehemu ile tu anayoikagua, nywila ziondolewe machoni pake, njia ya kutokea iwe ile moja ya kuwasilishia hoja zake, kila alichokisoma kiwekewe kumbukumbu, na masahihisho yafanywe na mtunzi mwenyewe.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, nayo ina makao yake Dodoma, na mifumo inayoisimamia imebeba amana za wananchi wote. Kwa hiyo kila atakayemkabidhi wakala kazi ya kuikagua mifumo kama hiyo na ahakikishe kwanza kwamba msomaji huyo haamrishwi na daftari analolisoma.