Farasi wa Bostaquet: Mnyonge Anaposhika Upanga

Sisi wanafunzi wa fasihi tukiikuta tawasifu ya askari, huwa tunaisukuma kwa wenzetu wa historia. Nao wanairudisha, eti ni masimulizi ya mtu mmoja. Basi inabaki haina mwenyewe. Makala haya yanaichukua moja ya namna hiyo, ile ya Isaac Dumont de Bostaquet, aliyewaandikia watoto wake na ambaye kitabu chake kilichapishwa Paris mwaka 1864, zaidi ya karne moja na nusu baada ya kifo chake.

Bostaquet alizaliwa mwaka 1632, bwana shamba wa Normandie nchini Ufaransa, Mprotestanti wa wale walioitwa Wahugenoti. Hati ya Nantes ya mwaka 1598 iliwapa ruhusa ya kuabudu, na Oktoba 1685 Mfalme Louis XIV akaifuta. Lakini msomaji asidhani kalamu ya mfalme ilifanya kazi yote. Kazi ilifanywa na farasi. Dragoni, yaani askari waliosafiri kwa farasi, walipelekwa kukaa katika nyumba za Waprotestanti, wale, wanywe, waharibu, mpaka mwenye nyumba akubali kubadili dini. Bostaquet hakuwa shujaa hapo. Alitia sahihi, akaikana imani yake. Mwaka 1687 jamaa zake walipojaribu kutoroka kwa bahari, walishambuliwa ufukweni, yeye akajeruhiwa, na hatimaye akafika Uholanzi.

Huko alimkuta William wa Orange. Hapa ndipo dini inapochanganyika na ukoo, tena kwa namna ambayo Mswahili ataielewa haraka kuliko wengi. William alikuwa mpwa wa James II, mfalme Mkatoliki wa Uingereza, na papo hapo mkwe wake, maana alimwoa binti yake Mary. Juni 1688 James akapata mtoto wa kiume, mrithi Mkatoliki. Mwaka huohuo mpwa akavuka bahari, Bostaquet akiwa katika msafara wake, na mjomba akakimbilia Ufaransa. Vita ikahamia Ayalandi mwaka 1689. Ukisema ilikuwa vita ya Wakatoliki na Waprotestanti, umesema nusu tu: Kaisari wa Wajerumani na mfalme wa Hispania, Wakatoliki wote wawili, walikuwa upande wa William, kwa vile walimwogopa Louis.

Wahugenoti waliundiwa vikosi vinne, vitatu vya miguu na kimoja cha farasi. Hicho cha farasi kilikuwa cha Schomberg, mzee aliyewahi kuwa Marshali wa Ufaransa tangu 1675 kabla dini yake haijamtoa nchini. Bostaquet, naye akikaribia miaka 60, alitumikia humo. Mwanzo wao haukuwa na fahari yoyote. Katika kambi ya Dundalk, vuli ya 1689, maradhi yaliua maelfu ya askari hata kabla ya kupigana.

Kisha mto Boyne, tarehe 1 Julai 1690 kwa kalenda ya zamani. Inasimuliwa kwamba Schomberg aliingia mtoni kuwatia moyo Wahugenoti wa miguu, akawaonyesha ng'ambo na kuwaambia kuwa waliowatesa ni wale pale. Akauawa muda mfupi baadaye. Masimulizi haya yanapendwa sana, na kwa kweli yanasisimua. Lakini hebu tuitazame ramani. James alikuwa ameshadanganywa na mwendo wa adui upande wa juu wa mto, akawapeleka huko sehemu kubwa ya jeshi lake pamoja na Wafaransa. Waliobaki kuwakabili Wahugenoti pale Oldbridge walikuwa Waayalandi, watu ambao hawakuwahi kulala katika nyumba ya mtu yeyote Normandie. Kidole cha Schomberg, kama kweli alikinyoosha, kilielekezwa kwa watu wengine kabisa.

Mwaka uliofuata, Julai 12, 1691, pale Aughrim, kidole kingekuwa na haki zaidi. Jemadari wa upande wa James alikuwa Mfaransa Saint-Ruth, ambaye kweli aliwahi kuwatesa Wahugenoti. Kikosi cha farasi, sasa kikiongozwa na Ruvigny, kilisifiwa sana siku hiyo. Mzinga ulimuua Saint-Ruth, na pamoja naye maelfu ya Waayalandi.

Kwa nini nayataja haya katika jarida la uhakiki? Kwa sababu tuna mazoea, na semina zetu ni mashahidi, ya kumpa msimulizi aliyeonewa haki ya kuaminiwa hadi ukurasa wa mwisho. Mimi naona Bostaquet wa 1685 na Bostaquet wa 1690 wanahitaji wasomaji wawili tofauti, ingawa nafsi ni ileile na jeraha ni lilelile. Anayebisha aangalie yaliyofuata. Mkataba wa Limerick wa Oktoba 1691 uliwaahidi Wakatoliki uhuru kiasi, lakini Bunge la Dublin halikuutimiza. Mwaka 1695 ilipitishwa sheria ya kuwanyang'anya silaha, na ndani yake Mkatoliki akakatazwa kumiliki farasi wa thamani ya pauni 5 au zaidi.

Bostaquet alifariki mwaka 1709 huko Portarlington, katika makazi aliyoyaanzisha Ruvigny kwa ajili ya Wahugenoti, juu ya ardhi aliyonyang'anywa mfuasi wa James.