Dhima: mtu na wanaomdai

Wasomi wa sosholojia wanaoandika kwa Kiswahili wana istilahi moja ya Kiingereza, "role", ambayo kila mmoja huitafsiri kivyake. Huyu huandika "jukumu", yule "nafasi", mwingine "uhusika". Mimi nasimama na "dhima".

Neno "role" Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nalo lilizaliwa jukwaani: lilikuwa karatasi iliyoviringishwa, yenye maneno ambayo mwigizaji alipaswa kuyasema. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia wa Marekani, Ralph Linton, alilitumia kutenganisha mambo mawili: mahali ambapo jamii imemweka mtu, na yale anayoyatenda kwa kuwa yuko mahali hapo. Lile la kwanza tuliite "nafasi". Ualimu ni nafasi. Ushangazi ni nafasi. La pili, yaani haki na wajibu wa nafasi hiyo vikishaanza kutendwa, ndiyo dhima. Anayeyaita yote mawili "nafasi" anauvunja ukuta alioujenga Linton. "Uhusika" nao unamrudisha mtu jukwaani, utadhani shangazi anayesimamia harusi ya binti wa kaka yake anaigiza.

"Dhima" limetoka katika Kiarabu na limekuja na harufu ya deni na dhamana. Mwenye dhima ana anayemdai. Wanafunzi wa fasihi wamelizoea kwa maana ya kazi ya utanzu katika jamii, na wanasheria kwa maana ya wajibu unaomfunga mtu. Sioni ugomvi hapo: kote ni jambo ambalo wengine wana haki ya kulitarajia.

Mwaka 1957 Robert Merton alileta istilahi ya pili, ambayo naiita "seti ya dhima". Hapa wengi hupotea. Hudhani ni orodha ya vyote alivyo mtu: mama, mfanyabiashara, mwanakwaya, mweka hazina wa kikoba. Hizo ni nafasi nne. Merton alikuwa anazungumzia mahusiano yote yanayoizunguka nafasi moja tu.

Tumtazame Julius Nyerere mwaka 1954, akifundisha Pugu. Ualimu wake ulimkabili na wanafunzi, walimu wenzake, wamisionari Wakatoliki walioendesha shule, na serikali ya kikoloni. Kila upande ulimdai lake, na madai hayo kwa pamoja ndiyo seti ya dhima ya mwalimu. Lakini mtu huyohuyo alikuwa rais wa TANU, iliyoundwa Julai 7 mwaka huo, mume wa Maria, na mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Kila nafasi ilikuja na wadai wake. Mwaka 1955 ualimu na siasa vilishindwa kukaa pamoja. Alilazimika kuchagua, akaacha kufundisha. Hali hiyo ni "mgongano wa dhima". Kuelemewa na madai yanayozidi uwezo wa kuyatimiza, jambo ambalo William Goode alilichambua mwaka 1960, naliita "mkazo wa dhima".

Hata hivyo, jina la Mwalimu halikumtoka. Alikuwa Waziri Mkuu, akawa Rais, akang'atuka 1985, akafariki 1999, na watu bado wanamwita Mwalimu. Kwa hiyo utambulisho wa mtu hauishii katika nafasi alizonazo leo. Hata aliyoiacha huendelea kumtambulisha. Helen Rose Ebaugh, mwanasosholojia ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1988. Mstaafu, mtalaka, mjane: hawa tuwatafutie istilahi ya heshima. Napendekeza "dhima iliyoachwa".

Ombi langu ni kwa wanaotafsiri vitabu vya kiada. Chagueni neno moja kwa kila dhana, mlishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na "nafasi" na "dhima" zisiwekwe tena katika faharasa kama visawe.