Merikebu Isiyokuwa na Jina: Safari za LST 325

Jeshi la majini la Marekani lina desturi ya kuzipa manowari zake majina ya majimbo, miji au watu mashuhuri. Katika Vita Kuu ya Pili, merikebu za kushushia vifaru hazikupewa heshima hiyo. Zaidi ya 1,000 ziliundwa, kila moja ikapewa namba tu. Mojawapo ilishushwa majini Philadelphia mwezi wa Oktoba 1942, ikaingia kazini Februari 1943. Hiyo ndiyo LST 325.

Haja ya merikebu za namna hii ilionekana mwaka 1940, Waingereza walipookoa askari wao Dunkerque na kuacha ufuoni karibu silaha zao zote nzito. Kifaru (na Kiswahili kilichagua vema kukiita kwa jina la mnyama yule) hakibebwi mabegani wala hakipandishwi mashuani. Huhitaji gati, na adui hamwachii mtu gati. Tatizo lilikuwa kwamba chombo cha kuvuka bahari kuu hutaka kuzama sana majini, na chombo cha kupanda ufuo hutaka kuelea juu juu. Mwaka 1941, mhandisi Mmarekani John Niedermair aliyaunganisha mambo haya mawili kwa matangi makubwa. Safarini yalijazwa maji ya bahari ili merikebu itulie. Karibu na pwani maji yakatolewa kwa pampu, nayo ikainuka. Milango miwili ya omo ilifunguka, daraja likateremshwa, na vifaru vikatoka vyenyewe. Nanga ya tezi, iliyokwisha kuangushwa kabla ya kufika ufuoni, ndiyo iliyoirudisha merikebu majini.

Uhodari huo ulikuwa na gharama yake. Chombo chenye urefu wa mita 100 na tako bapa huyumba vibaya mno, tena hakikwenda zaidi ya maili 12 za baharini kwa saa. Mabaharia walisema kwa mzaha kwamba herufi LST maana yake ni shabaha kubwa ya polepole. Mzaha huo haukuwa mbali na kweli.

LST 325 ilishiriki katika mashambulizi ya Sisilia na Salerno mwaka 1943. Tarehe 7 Juni 1944, siku moja baada ya mashambulizi ya Normandie kuanza, ilikuwa mbele ya ufuo ulioitwa Omaha. Wanahistoria wengi huishia hapo, kana kwamba kazi ilikwisha siku ile. Kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa ikianza: katika miezi iliyofuata merikebu hii ilivuka mlango-bahari wa Manche zaidi ya mara 40, ikipeleka askari na magari, ikirudi na majeruhi. Jeshi lililokwisha kutua halina budi kulishwa kila siku. Tarehe 28 Desemba 1944, meli ya askari Empire Javelin ilipozama karibu na pwani ya Ufaransa, LST 325 iliokoa watu wapatao 700. Haikuwa imeundwa kwa kazi hiyo.

Ilipumzishwa mwaka 1946. Miaka ya 1950 ilirudi kazini kupeleka shehena katika bahari za barafu za kaskazini, ambako vituo vya rada vilikuwa vikijengwa. Mwaka 1964 ilikabidhiwa Ugiriki, na huko hatimaye ikapata jina: Syros, kisiwa cha Bahari ya Aegea. Wagiriki waliitumia hadi 1999, yaani muda mrefu kuliko Wamarekani wenyewe, ingawa jambo hili hutajwa kwa sentensi moja tu.

Mwaka 2000 wazee waliowahi kutumikia merikebu za aina hii walikwenda Kreta kuichukua. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Waliitengeneza, wakavuka Atlantiki majira ya baridi, wakaingia Mobile, Alabama, tarehe 10 Januari 2001. Tangu 2005 makao yake ni Evansville, Indiana, kando ya mto Ohio, nayo ni makumbusho. Omoni imeandikwa 325, wala si Syros. Wakati wa vita mji huo uliunda merikebu 167 za aina hiyo. Hii haikuwa mojawapo.