Jasho la Kulipia na Jasho la Kulipwa

Ndugu msomaji, jasho liko la aina mbili. La kwanza ni jasho la kulipwa. Hili hapa Mpanda tunalijua sote: la mkulima wa tumbaku, la mpakiaji magunia stesheni, la mchimba dhahabu anayeshuka shimoni na tochi kichwani. La pili ni jasho la kulipia. Mtu anatoa pesa yake mfukoni, anaingia chumba cha moto kwa hiari yake, anakaa humo mpaka alowe chapachapa, kisha anatoka anasema amepumzika.

Usicheke. Jasho hili la pili lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ni yetu. Nami nasema kwamba mahali ambapo majasho haya mawili yamekaa karibu kabisa, pengine yakitenganishwa na sakafu tu, ni ndani ya meli.

Nimelifikia jambo hili kwa sababu ya riwaya ninayoiandika tangu nimalize kidato cha nne. Mhusika wangu mkuu anafanya kazi melini, chini kabisa kwenye mashine. Washikaji wa kijiweni wananiambia, "Ebwana wewe, umezaliwa mwisho wa reli ya Kaliua, bahari umeiona wapi? Andika mambo ya kwetu." Makala hii ndiyo jibu langu kwao. Haya ni mambo ya kwetu.

Kwanza tuelewane, hivyo vyumba vikoje? Katika meli kubwa za watalii za siku hizi ipo sehemu inayoitwa spa. Ndani yake kuna sauna, chumba cha mbao chenye joto kavu linalofika nyuzi 80 au 90 za sentigredi. Kipo chumba cha mvuke ambacho joto lake ni dogo kuliko la sauna, lakini hewa yake imejaa unyevu kiasi kwamba humwoni vizuri aliyekaa mbele yako. Kuna vitanda vya vigae vilivyopashwa moto ambavyo mtu hulala chali akitazama bahari kupitia kioo. Kuna na bwawa la maji ya uvuguvugu yanayotibuka kwa nguvu ya hewa na kukanda mgongo. Utaratibu wake ni kuoga kwanza, kuingia kwa dakika kumi au kumi na tano, kutoka na kujimwagia maji baridi, kupumzika, kunywa maji, ndipo urudi. Aliyelewa haruhusiwi, na mwenye ugonjwa wa moyo au mja mzito hushauriwa amwone daktari kwanza. Meli nyingi huuza tiketi ya siku moja au ya safari nzima, mbali na nauli.

Wapo watakaosema huo ni Uzungu mtupu. Sivyo. Mwaka 1850 Sultani Said bin Sultan alijenga hamamu kule Kidichi, Unguja, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi aliyezoea mambo ya kwao. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga nyingine katikati ya Mji Mkongwe, na hiyo ikawa ya watu wote wenye uwezo wa kulipa. Mpaka leo mtaa ule unaitwa Hamamni. Watu waliingia kunyolewa, kusuguliwa, kutoka jasho na kupiga soga. Hamamu ile ilifungwa mwaka 1920, ila kuta zake bado zipo na wageni wanapelekwa kuziona. Kwa hiyo mtu wa Unguja alikuwa akilipia jasho kabla meli ya Mzungu haijajengewa chumba cha namna hiyo.

Lakini kila hamamu ina kitu ambacho mgeni haonyeshwi sana. Maji hayachemki kwa dua. Yuko mtu nyuma ya ukuta anayetia kuni. Mwogaji anatoka jasho huku, naye anatoka jasho kule, na moto ni mmoja.

Sasa tupande melini. Mwaka 1907 kampuni ya White Star ya Uingereza ilizindua safari za meli yake iitwayo Adriatic, meli ya kwanza ya abiria kuwa na hamamu ya Kituruki pamoja na bwawa la kuogelea ndani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1912, ikafuata Titanic ya kampuni hiyohiyo. Hamamu ya Titanic ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza tu. Wanawake walipangiwa asubuhi na wanaume mchana, na kiingilio kilikuwa shilingi nne za Kiingereza. Kuta zilipambwa vigae vya rangi na taa za shaba kwa mtindo wa Kiarabu, ili mtu ajione yuko Misri huku nje kuna barafu.

Na chini ya hapo? Titanic ilikuwa na maboila 29 na matanuri 159, na meli ilikula kama tani 600 za makaa kwa siku. Makaa hayo yote yalitiwa kwa beleshi, kwa mikono ya watu. Walikuwepo wanaochochea moto na walikuwepo wanaosukuma makaa kwa toroli kuwaletea wenzao. Walifanya kazi kwa zamu, vifua wazi, usiku na mchana. Juu mtu analipa shilingi nne apate joto, chini mtu analipwa mshahara mdogo alivumilie. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia motoni, na hicho kivuli wakala wengine.

Hapa ndipo mambo ya kwetu yanapoingia. Katika karne ya 19 meli za Waingereza zilizosafiri Bahari ya Hindi ziliandikisha watu weusi kutoka pwani yetu, hasa kupitia Zanzibar, Aden na Bombay. Waingereza waliwaita Seedies. Jeshi lao la majini liliwachukua, na meli za abiria za kampuni ya P&O nazo ziliwachukua. Wengi wao waliwekwa kwenye maboila. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwafrika ameumbwa kuvumilia joto. Jamani! Joto la tanuri la meli halina mwenyeji. Anayelivumilia ni yule asiye na kazi nyingine ya kwenda kuomba. Baadhi ya watu hao walikuwa wametoka utumwani, na jina walilojulikana nalo melini mara nyingi lilikuwa jina walilobandikwa na mwandikishaji. Nikitafuta mhusika wa riwaya, kuna mwingine wa kumshinda huyu? Alivuka bahari kabla ya babu zetu kuiona reli, na hatujui hata mama yake alimwita nani.

Basi turudi upande wetu wa nchi, kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka Mpanda ukishika barabara ya magharibi unateremka mpaka Karema, na kwa miongo mingi aliyefika Karema na mzigo alikuwa akiingojea meli moja, Liemba. Historia yake wengi wanaijua nusunusu. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli kuelekea Kigoma. Iliingia ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, ila kwanza mafundi wakazipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya la Liemba. Iliendeshwa na injini za mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungiwa za dizeli. Imebeba dagaa, mahindi, bibi harusi na maiti, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Safari zake zilisimama mwaka 2018.

Mtaani kwetu Makanyagio yuko babu mmoja aliyepanda Liemba akiwa kijana, miaka ya 1960, wakati bado ni meli ya mvuke. Nilimwendea jioni moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kiti."

Nikamuuliza walikuwa wanaoga wapi mle melini. Akacheka mpaka akakohoa. "Kuoga? Daraja la tatu uoge nini? Ulinawa uso basi. Lakini usiku ziwani kuna baridi, mjukuu wangu, upepo ule usiombe. Sisi tulijua pa kulala. Pale ambapo bati linapata moto kutoka chini kwenye mashine. Wanagombania pale! Mama mwenye mtoto tulimpisha."

Nikamuuliza tena, na wale wa chini kwenye mashine? Akanyamaza kidogo. "Wale walikuwa wakipanda juu usiku kupunga upepo. Wanakaa kimya. Unamwona mtu anatoka moshi mwilini kama ugali."

Maneno ya babu yule nimeyaandika kwenye daftari langu kama yalivyo. Hapo ndipo nilipoona kwamba Liemba nayo ilikuwa na kitanda chake cha joto, isipokuwa hakikuwa na vigae wala tiketi, na aliyepewa nafasi ya kwanza alikuwa mama mwenye mtoto.

Na sasa sikiliza hii. Mapema Januari 2024 meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na wageni zaidi ya 2,000. Urefu wake ni kama mita 294, wakati Liemba ina mita 71 hivi. Ina spa yenye sauna na vyumba vya mvuke. Imeundwa wapi? Papenburg, Ujerumani, kiwanda kilekile cha Meyer, ikakamilika mwaka 2002. Ni ndugu wa Liemba, tumbo moja! Mmoja alizaliwa wakati wa wakoloni akaletwa kwetu ndani ya masanduku, mwingine kazaliwa juzi anapita pwani akiwa na bwawa la maji moto.

Katika meli za leo hakuna tena beleshi la makaa. Joto la injini halitupwi ovyo. Hutumika kupasha maji, na katika meli nyingi hutumika pia kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Kwa hiyo bado ni yaleyale: nguvu inayosukuma meli ndiyo inayompa mtalii maji ya moto. Kilichobadilika ni kwamba mtoa jasho amepandishwa juu. Leo ni binti au kijana anayekanda migongo ya wageni, anayefua mataulo, anayepangusa vigae kila baada ya saa chache. Mikataba ya kazi hizi mara nyingi ni ya miezi sita hadi tisa mfululizo, na wakandaji wengi hulipwa kwa kamisheni, yaani kipato chake kinafuata idadi ya wateja na bidhaa alizouza. Vijana wa Kenya wameshaanza kuajiriwa kwenye meli za kampuni ya MSC. Sisemi wasiende. Kazi ni kazi, na wengine wamejengea wazazi nyumba. Ninachosema ni kwamba safari hii tuwajue kwa majina yao.

Kwa nini nayasema haya nikiwa Mpanda? Kwa sababu mkoa wetu wa Katavi una moto wake wenyewe. Kule Mpimbwe kuna mji unaitwa Maji Moto, na jina halikutungwa na mshairi. Tumekaa kwenye Bonde la Ufa. Ardhi imepasuka, maji ya mvua yanashuka kwenye nyufa mpaka kina kirefu, yanapata joto la chini, yanarudi juu yakifuka. Hata chini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, karibu na Rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba, watafiti walizichunguza chemchemi za moto mwaka 1991 katika maji ya ziwa lenyewe. Yaani Liemba ilipita miaka yote hiyo katika ziwa lenye boila chini yake. Boila hilo halina mchochezi wala halimdai mtu mshahara.

Karema sasa kuna bandari mpya. Meli zitaongezeka, na siku moja mgeni atauliza kama kuna mahali pa kuoga maji ya moto baada ya kuwaona viboko wa Katavi. Atapata jibu, kwa sababu mwenye pesa hakosi wa kumjibu. Swali langu ni dogo: siku hiyo mtoto wa Maji Moto atakuwa ndani ya maji akioga, au atakuwa nje ya ukuta ameshika taulo? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini lazima kwanza uachiwe njia ya kuyafikia.

Wenzangu wenye kalamu, hamamu za masultani zina vibao na meli za White Star zina vitabu kabatini. Wachocheaji wa moto hawana. Wazee waliolala juu ya bati la moto la Liemba wanazidi kupungua kila mwaka. Chukua daftari, nenda ukawasalimie, uliza walilala wapi na nani alikuwa chini. Andika jina la mtu huyo kabla hujaandika jina la meli.